Bibi kaingia wodini na nyonga, kapata nimonia. Mie nasema ni njaa, nyie mnasemaje?

#1 Mjukuu_wa_Makorora
Wakuu, salaam.

Bibi yangu ana miaka 78. Aliteleza uani alfajiri akienda kutia udhu, nyonga ikavunjika. Tukampeleka hospitali (siitaji, na msinifuate faragha kuniuliza), akalazwa akisubiri upasuaji. Siku ya tisa akaanza kuweweseka, anamwita babu aliyefariki 1994, anasema amletee taa. Mwili wa baridi, homa hana. Siku ya kumi na moja daktari akasema mapafu yana nimonia.

Alhamdulillahi alitibiwa, akapasuliwa, yuko nyumbani tangu juzi. Ila amebaki ngozi na mifupa. Kanga yake ile ile sasa inamzunguka mara mbili na ushee.

Nimekaa nikahesabu alichokula mle ndani. Upasuaji uliahirishwa mara tatu. Kila mara ni "asile kitu kuanzia saa sita usiku", halafu saa tisa alasiri wanakuja kusema leo zamu yake haikufika, na chakula cha mchana kimeshapita. Siku ambazo hakufungishwa, uji aliouleta shangazi ulikaa juu ya kabati la pembeni, bibi kalala chali, mkono haufiki. Na meno yake ya bandia tuliyasahau nyumbani siku nne nzima. Hilo ni letu, sisingizii mtu.

Daktari anasema ni uzee na kulala sana. Mie nasema ni njaa ndiyo iliyofungua mlango. Nani ana la kuongeza au kupunguza?

#2 Segeju77
Pole sana mkuu, bibi apone. Lakini dripu si alikuwa nayo? Lita moja ya dripu ni sawa na sahani ya wali wa nazi. Njaa isingempata na dripu mkononi.

#3 SistaWodi
Segeju77, naomba hiyo kauli uifute kabla hajaisoma mtu mwenye mgonjwa.

Dripu ya chumvi haina chakula hata chembe, ni maji na chumvi. Ile ya sukari ya asilimia 5, lita nzima ina gramu 50 za sukari. Ni kama vijiko 12 vya chai, kalori 200 basi. Protini sifuri, mafuta sifuri. Ukimwekea mtu lita mbili kutwa umemnywesha maji ya sukari. Ndugu wanaona chupa inaning'inia wanasema "analishwa", wanarudi nyumbani wametulia. Nipo wodini mwaka wa 11, hili naliona kila wiki.

#4 Msambaa_Halisi
Mtu wa Mkinga akipiga hesabu lazima wali wa nazi uingie 😂

#5 Segeju77
Wewe wa viazi na maharage kaa kimya, mlimani kwenu hata bahari mnaitazama kwa mbali. Sista nimekuelewa, nimefuta. Sasa kama si dripu, ni nini? Maana mie bado sioni njaa inaletaje nimonia. Njaa si vijidudu.

#6 SistaWodi
Mie nadhani tatizo la huyu bibi ni kulishwa akiwa amelala chali. Tena bila meno. Mzee koo limelegea, akimezeshwa uji akiwa amelala, uji unakosea njia. Kijana akipaliwa anakohoa mpaka machozi. Mzee anaweza kupaliwa kimya kimya, hakohoi, na uji ule unashuka na uchafu wote wa mdomoni hadi kwenye pafu. Mdomo usiposwakiwa siku tisa unakuwa na vijidudu vya kutosha. Mjukuu, nani alikuwa anamlisha na alikuwa anamuinua?

Na hilo la kutokuwa na homa lisikushangaze. Wazee wengi maambukizi yanawajia hivyo, homa haipo au ni kidogo, dalili ya kwanza ni kuchanganyikiwa, au kugoma kula, au kuanguka. Tunasema "uzee unamsumbua", kumbe pafu au mkojo.

#7 Mjukuu_wa_Makorora
Sista shukran. Shangazi alikuwa anamlisha kwa kijiko, kamuwekea mto mmoja tu shingoni. Kukaa alikuwa anapiga kelele za maumivu ya nyonga. Kuswaki hakuna aliyefikiria, namuomba Mungu anisamehe.

Lakini bado nina ushahidi. Karatasi ya maabara hii hapa mkononi, albumini (ile protini ya kwenye damu) 24. Daktari mmoja kijana alinionyesha akasema "hii ndiyo lishe duni yenyewe". Sasa?

#8 Kipimo_Maabara
Kabla sijaenda kwenye albumini, Sista #3 pale kwenye kalori. Sukari ya kwenye dripu ina maji ndani yake, gramu moja inatoa 3.4, si 4. Lita moja ni kalori 170. Umeipendelea.

Sasa Mjukuu. Kawaida ya albumini ni 35 hadi 50, kwa hiyo 24 ni ya chini kweli. Ila haithibitishi unachotaka ithibitishe. Albumini inatengenezwa na ini, na nusu ya ile iliyopo kwenye damu huchukua kama siku 20 kuisha. Siku tisa za njaa peke yake haziwezi kuishusha hivyo. Kinachoishusha haraka ni ugonjwa wenyewe. Mwili ukivunjika mfupa au ukiingiliwa na vijidudu, ini linaacha kazi hiyo linageukia kutengeneza protini za vita, na albumini iliyopo inavuja kutoka kwenye mishipa. Kuna watu wamekonda kwa njaa ya miezi na albumini zao ziko sawa tu.

Zamani tulifundishwa kuwa albumini ni kipimo cha lishe. Wataalamu wengi wameshaachana nayo. Hiyo 24 inasema bibi alikuwa anaumwa sana. Kama alikuwa na njaa au la, haisemi.

#9 Mjukuu_wa_Makorora
Kwa hiyo hata karatasi yangu umeninyang'anya 😅 Haya.

#10 Nusukaputi
Niingilie hapo kwenye kufungishwa kwa sababu ndiyo kazi yangu, mie ni wa chumba cha upasuaji, upande wa dawa za usingizi.

"Asile tangu saa sita usiku" ni mazoea tu, kitabuni haiko hivyo. Miongozo ya sasa inasema chakula kizito asimame masaa sita kabla ya dawa ya usingizi, maji meupe au chai ya rangi masaa mawili kabla. Mtu ambaye zamu yake ni saa nane mchana hana sababu ya kulala na kiu tangu usiku. Tunaiacha saa sita usiku kwa wote kwa sababu orodha inabadilika, ajali inaingia, mtu wa mwisho anaweza kuwa wa kwanza. Ni rahisi kwetu. Siitetei.

Kinachouma zaidi ni pale anapoahirishwa. Hakuna anayepiga simu wodini mapema kusema mlisheni. Mara tatu kwa mzee wa kilo arobaini na kitu ni siku tatu zimekatwa, na nyonga inamuuma kiasi kwamba hata akiruhusiwa hamu hana.

Ila Sista #6 kapiga penyewe. Kupaliwa mie nakuogopa kuliko njaa, ndiyo maana tunafungisha watu.

#11 BabaAsha_Pangani
Poleni wote. Mie niwape kisa kinachompinga mwenye uzi.

Baba mkwe alilazwa mwaka juzi kwa kiharusi. Huyu alikula! Sisi watu wa Pangani hatuna masihara, asubuhi mtori, mchana samaki wa kuchemsha na ndizi, jioni uji wa maziwa. Mke wangu na dada zake walipeana zamu, anainuliwa, anafutwa mdomo. Wiki ya pili kapata yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), ikapanda hadi kwenye damu, nusura tumpoteze. Chanzo ni mpira wa mkojo. Aliwekewa siku ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka kuutoa. Siku 13. Nilipouliza kwa nini bado upo, kila mtu akadhani mwenzake ndiye aliyesema ubaki.

Sasa njaa iko wapi hapo?

#12 SistaWodi
Baba Asha kweli. Kila siku mpira ukiwa ndani, uwezekano wa vijidudu kuingia kwenye mkojo ni kama asilimia 3 hadi 7, na zinajumlishana. Swali la kuuliza kila asubuhi ni "huu mpira leo una kazi gani?" Ndugu mna haki ya kuliuliza, mtu asiwakunjie uso.

@Kipimo_Maabara kalori 170 nimekubali, umeridhika?

#13 Kipimo_Maabara
Nimeridhika.

#14 Mpishi_Ngamiani
Mie nauza chakula karibu na geti la hospitali moja hapa mjini, nawaona nyie nyote mkipita na hotipoti. Niseme ninachokiona.

Watu wanamnunulia mgonjwa soda, biskuti, na supu. Supu yenyewe wananiambia "mama, nyama usiweke, mgonjwa hana meno, tia mchuzi tu". Nawaambia mchuzi ni maji na chumvi na ladha, nguvu imebaki kwenye sufuria yangu. Hawanisikii. Nyama ile naila mie na mwanangu, ndiyo maana mnatuona tumenawiri.

#15 Segeju77
Mama usiidharau supu ya pweza. Supu ya pweza inaamsha maiti.

#16 Mpishi_Ngamiani
Inawaamsha nyie vijana wa Ngamiani usiku, mnajua wenyewe mnaamkia nini. Bibi wa miaka 78 hiyo kazi hana. Pweza mwenyewe ni mzuri, tatizo anatafunwa kwa meno gani? Mtwange kwenye kinu baada ya kumchemsha sana, au chukua samaki laini, changu au tasi, chambua miiba, ponda na tui. Yai livurugwe kwenye uji ukiwa jikoni bado, uchemke. Dagaa wakavu wasage unga, tia kijiko kwenye mboga. Sio kubeba mchuzi mtupu kwenye chupa ya chai.

#17 Mama_Zuhura
Naomba niseme jambo ambalo wanaume humu hamtalisema.

Mama yangu alilazwa wiki mbili na nusu. Kila nikienda chakula kipo vile vile. "Nimeshiba mwanangu." Maji anagusa mdomo tu. Nikadhani ni hamu imepotea, nikamlaumu mpishi, nikabadilisha mapishi mara tano. Siku anaruhusiwa, tuko kwenye bajaji, ndiyo ananiambia: alikuwa hali ili asiende haja. Chombo cha kujisaidia lazima amwite mtu, pazia hakuna, wodi imejaa wageni, na siku nyingine anayekuja kumsaidia ni kijana wa kiume umri wa mjukuu wake. Mwanamke aliyejistiri miaka sabini. Akaona bora njaa.

Alipata yutiai yeye pia, na mpira hakuwa nao. Daktari alisema ni kwa sababu ya kutokunywa maji.

#18 Mjukuu_wa_Makorora
Mama Zuhura umenikata maini. Bibi naye alikuwa anasema "nimeshiba" kwa sauti ile ile. Nitamuuliza shangazi amuulize, mie hatoniambia.

#19 Msambaa_Halisi
Babu yangu kule Lushoto alikuwa anaficha. Mkate, yai, chungwa, vyote chini ya mto, anawasubirishia wajukuu wakija kumwona. Sisi tukifika tunafurahi tunakula. Tulikuwa wadogo. Mpaka leo chungwa likinukia naikumbuka ile shuka.

#20 LisheBora_Muheza
Wadau habari zenu. Nimesoma tangu #1. Kazi yangu ni lishe, nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza, Segeju #5 aliuliza njaa inaletaje nimonia na hakujibiwa. Askari wa mwili wanatengenezwa kwa protini, kingamwili zenyewe ni protini. Mzee tayari ile tezi ya kifuani inayokomaza askari wapya imesinyaa kwa umri, anaishi na akiba. Ukimnyima chakula anapunguza uzalishaji. Ngozi inakuwa nyembamba, kidonda cha kulalia kinafunguka, kidonda ni mlango. Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: kikohozi nacho kinataka misuli. Mwenye misuli ya kifua iliyoisha hawezi kukitoa kilichoingia. Kwa hiyo Sista yuko sawa bibi alipaliwa, na Mjukuu yuko sawa kwamba njaa ilimnyang'anya nguvu ya kukohoa. Kulala tu kunatosha kumaliza misuli. Marekani waliwalaza wazee wazima wasio na ugonjwa siku 10, wakachapisha matokeo 2007: wastani wa karibu kilo nzima ya nyama ya miguu imeondoka. Hao walikuwa wanakula.

Pili, maradhi nayo yanaleta njaa. Homa inachoma nguvu, hamu inakufa, tumbo halinyonyi. Mwaka 1968 Scrimshaw, Taylor na Gordon walieleza hili katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani: kimoja kinakipalilia kingine. Ndiyo maana mnavutana humu na kila mmoja ana kisa cha kweli.

Tatu, hili la kwangu mwenyewe kutokana na ninaowaona: wengi hawaanzi kudhoofu wodini. Wanakuja wameshadhoofu. Mzee anaishi na mjukuu wa darasa la nne, asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana muhogo wa kuchemsha au bada (ugali wa muhogo) na kisamvu kisicho na tui, jioni chai tena. Tumbo linajaa. Protini ya siku nzima labda gramu 20. Mzee anahitaji angalau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, akiumwa 1.2 hadi 1.5. Kilo 45 ni gramu 54 hadi 67. Yai moja ni 6, kikombe cha maziwa ni 8, hesabuni wenyewe. (Mwenye figo mbovu ni habari nyingine, huyo amsikilize daktari wake.)

Na kwa Kipimo_Maabara anayependa takwimu: Uswisi walichukua wagonjwa 2,088 wenye hatari ya lishe duni katika hospitali 8, wengi wazee, nusu wakapewa chakula cha kawaida cha hospitali, nusu wakapangiwa mlo wa mtu mmoja mmoja na kufuatiliwa. Matokeo yalitoka 2019. Ndani ya siku 30, waliokufa ni asilimia 10 kwa wale wa kawaida na 7 kwa waliolishwa kwa mpango. Chakula tu, hakuna dawa mpya.

#21 Kipimo_Maabara
Naifahamu hiyo kazi, ni nzuri. Ila tusiitumie kwa lisilokuwa lake. Haikuonyesha kwamba chakula kilizuia nimonia, ilionyesha vifo na matatizo kwa ujumla vimepungua. Pili, Uswisi sio Duga yetu hapa Tanga. Kule maji yanatoka, kitanda ni kimoja mtu mmoja, mpishi yuko ghorofa ya chini. Ukitoa vyote hivyo ukabakisha chakula, sijui utapata 7 ile ile.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti 2022: kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa kwenye nchi tajiri, 7 wanapata angalau maambukizi moja ya hospitalini. Kwenye nchi za kipato cha chini na kati ni 15. Hiyo tofauti ya 7 na 15, mie naiona kwenye mikono kabla ya kuiona kwenye sahani. Daktari Semmelweis alishayasema haya Vienna 1847, nawa mikono, wakamwona chizi.

#22 Mswahili_Ulaya
Nipo Uingereza, nimefanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Msidhani huku kuna nafuu sana. Huku nako wazee wanakonda hospitalini na chakula kikiwa mbele yao. Baadhi ya hospitali wakaleta trei nyekundu, ukiiona unajua huyu lazima asaidiwe kula, na usiiondoe kabla hujaandika amekula kiasi gani. Na saa ya chakula madaktari wanatakiwa wasizunguke wodini. Yule muuguzi Florence Nightingale aliandika mwaka 1859 kwamba maelfu ya wagonjwa wanakufa njaa kila mwaka huku chakula kipo, kwa kuwa hakuna anayeangalia namna ya kuwawezesha kula. Miaka 160 na zaidi, trei nyekundu ndiyo tumeifikia.

#23 Segeju77
Kwa hiyo na Ulaya hawana supu ya pweza.

#24 Mswahili_Ulaya
Ipo ya makopo, haiamshi hata aliyesinzia.

#25 BabaAsha_Pangani
LisheBora umeeleza vizuri ila suala la hela hamligusi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bure, tangu Sera ya Wazee ya 2003, na dirisha lake lipo. Sawa. Lakini yai halina dirisha la wazee. Sisi tulikuwa na mashua, samaki hatununui. Aliyetoka Kilindi na babu yake, ndugu wamelala kwenye varanda, wanakula nini wao, wamlishe nini mgonjwa?

#26 Mpishi_Ngamiani
Hao ndio wanaonunua mchuzi mtupu. Nimesema wananiambia hana meno. Wengine ni bei, wanaona aibu kusema.

#27 Mjukuu_wa_Makorora
Wakuu nimepita Deep Sea asubuhi, nimenunua samaki, mayai trei nzima, maziwa, unga wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka nane na karanga na soya. Shangazi na mama wameapa mpaka wiki ijayo bibi atakuwa bonge. Leo kala mara sita, anabembelezwa mpaka analia. Na tumlishe amelala au aketishwe?

#28 LisheBora_Muheza
Mjukuu SIMAMENI KWANZA.

Mtu aliyekaa zaidi ya siku kumi akila kidogo sana halafu ukamjaza ghafla, anaweza kuharibika zaidi. Mwili ulishazoea njaa. Wanga mwingi ukiingia kwa pamoja, madini ya fosfati, potasiamu na magnesi yanakimbilia ndani ya seli, kwenye damu yanaisha, moyo unayumba, mwili unavimba. Liligunduliwa kwa wafungwa wa vita mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, wamekombolewa, wamelishwa vizuri, wakaanza kufa. Anza na milo midogo midogo, ongeza siku hadi siku, na kesho mpelekeni kliniki wampime madini hayo kwenye damu na wamtazame kama anahitaji vitamini B1. Msiyapime kwa macho. Akivimba miguu au akihema, msisubiri kesho.

Huo unga wa nafaka nane uwekeni kando. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka zikakaa dukani zinaharibika, na kuvu ikiingia ni sumu. Mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara sumukuvu kwenye mahindi ilivyoua watu. Sagisheni nafaka moja, karanga mbichi nzuri ziongezwe siku ya kupika.

Na aketishwe. Wima wakati wa kula, na nusu saa baada ya kula.

#29 Mjukuu_wa_Makorora
Nimesoma huku natetemeka. Nimewasimamisha. Shangazi kanuna, anasema mtandao umeniharibu.

Halafu kamuuliza bibi lile la Mama Zuhura. Bibi kacheka, kajifunika kanga usoni. Hakujibu.

#30 Mama_Zuhura
Kashajibu huyo.

#31 Nusukaputi
Kwa hiyo kwenye uzi huu tuna kufungishwa, kupaliwa, mpira, mikono, chombo cha haja, andazi la nyumbani na umasikini. Na daktari alisema uzee. Mie nabaki na kupaliwa.

#32 Kipimo_Maabara
Mikono.

#33 Fundi_Cherehani
Mie si wa afya, ni fundi hapa barabara ya nane. Ila binti yangu alisomea mambo ya jamii akanionyesha kuwapima wazee kwa futi yangu ya kushonea. Mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, mkono umening'inia umelegea, usikaze futi. Chini ya sentimita 21 ni wasiwasi, chini ya 18 na nusu ni hatari. Sista atanisahihisha. Mizani haihitajiki, na bibi mwenye nyonga hawezi kusimama kwenye mizani.

#34 SistaWodi
Fundi hongera, hicho kipimo kinatumika hivyo hivyo kwenye misaada ya dharura. Mjukuu pima utuambie.

#35 Mjukuu_wa_Makorora
Nimepima na futi ya mama. 22 na kidogo! Kumbe hayuko vibaya. Yaani Kipimo kanishinda, njaa haikuwepo 😅

#36 SistaWodi
Umepima mkono upi?

#37 Mjukuu_wa_Makorora
Wa kushoto. Ule uliokuwa na dripu, ndio uliokuwa karibu na mie.

#38 SistaWodi
Bado umejaa?

#39 Mjukuu_wa_Makorora
Umejaa kidogo, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

#40 SistaWodi
Hayo ni maji. Pima wa kulia. Na uvimbe huo nao kauonyeshe kliniki kesho, alivyosema LisheBora.

#41 Mjukuu_wa_Makorora
19 na nusu.

#42 Tanga_Raha_1
Mkuu pole, sijasoma uzi wote, ila mpe supu ya pweza asubuhi na jioni, utanishukuru.